Mawe Mane ya Rafaeli

Bwana yangu aliyenioa, Rafaeli, alikuwa anafundisha mabeki wa timu ya mpira ya shule ya misioni, hapa Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Kazi hiyo aliipenda kuliko chakula.

Mechi na Kabambare ilipokaribia, nilimukuta nyuma ya jiko, amechuchumaa. Mbele yake iko mawe mane, ameyapaka pemba, ule udongo mweupe wa waganga. Anayasogeza na kuita majina ya wanafunzi: "Kitenge, rudi. Alfonsi, usimuache. Amuri, karibia. Piusi, wewe baki hapo, usitoke."

Siku ile ile Piusi akalala na homa.

Miye na akili yangu ya kuku, nikaona bwana yangu analoga watoto wa watu. Sikumuuliza. Nilikimbia kwa Padiri, nikasema yote.

Homa ya Piusi ilipotoka, Padiri akaja kwetu na timu nzima. Akamunyanganya Rafaeli firimbi, akamupa mwalimu mwingine. "Mulozi hafundishi watoto wangu."

Piusi akachuchumaa, akayapanga mawe. "Padiri, hili ni mimi. Mwalimu anatafuta kila mutu asimame wapi, wa Kabambare wasipite. Chaki ilikwisha, ndiyo akatumia pemba."

Wenzake walicheka. Lakini Padiri hakurudisha firimbi.

"Nani alikuambia, Padiri?" Rafaeli akauliza polepole.

Padiri aliangalia upande wa kinu, nilikosimama, na Rafaeli naye akageuka. Nikaendelea kutwanga majani ya sombe yaliyokuwa yamekwisha kulainika.