Mchumba wangu alikata fonction yangu, mama wa watu akaliliwa akiwa mzima

Admin, naomba ufiche jina langu na la ofisi yetu pia. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, niko Kisangani, kazi yangu ni kuandika programu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu apite.

Nina mchumba. Tunafanya kazi pamoja kwenye ofisi ndogo huku Makiso. Yeye alitangulia kuajiriwa, na hilo hajawahi kuniacha nilisahau. Jumamosi hii familia yake inakuja kwetu kuleta mahari.

Ofisi yetu ilitengeneza programu ya kupeleka habari za wagonjwa kutoka hospitali ya Banalia hadi mjini, zikiwa zimefungwa ili mtu wa katikati asizisome. Kufunga kwenyewe hatukukubuni sisi. Kuna maktaba ya programu ya wataalamu, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na sisi tunaandika kwa nyingine, Python. Hizo mbili hazisikilizani hivihivi. Lazima mtu aandike fonction, yaani vipande vidogo vya programu, vikae katikati kama mkalimani. Hizo niliandika mimi, nikaziita funga na fungua. Ile maktaba ya C haijui herufi, inajua baiti tu, vile vipimo ambavyo kompyuta inahifadhia maandishi, na lazima uiambie maandishi yana baiti ngapi. Herufi a ni baiti moja, lakini é ya Kifaransa, yenye alama juu, ni baiti mbili. Ndiyo maana fonction yangu iligeuza maandishi kuwa baiti kwanza, kisha ikahesabu.

Asubuhi moja mchumba wangu akaniambia huku anacheka, "Chérie, ile fonction yako iko murefu bure. Nimeisafisha."

Nikamuuliza amesafisha nini.

"Nimetoa mistari ya bure. Sasa inahesabu herufi, basi. Nimejaribu, inatembea muzuri."

Nikasema nataka kuiangalia kabla haijaanza kutumika Banalia. Akanijibu mbele ya wenzetu, "Ah bon, sasa mi niombe ruhusa kwa bibi yangu?" Watu wakacheka, na kazi ikaenda hivyo.

Yeye alihesabu herufi, maktaba ikadhani ni baiti. Kila é ikawa inakula herufi moja ya mwisho. Kwa Kiswahili huoni kitu, maana Kiswahili hakina é. Lakini manesi wa Banalia wanaandika Kifaransa.

Kulikuwa na mama mmoja amelazwa kule, amefanyiwa operesheni. Nesi akaandika habari yake: "Décédée : non". Yaani, amefariki? Hapana. Hesabuni wenyewe: é zipo tatu, na "non" ni herufi tatu. Mjini ikafika "Décédée :" na hakuna kingine. Aliyepokea akaipigia familia simu kuwapa pole.

Familia ikafunga bâche, lile turubai la msiba, kwenye kiwanja chao, ikalia. Watoto wakashika njia ya Banalia na jeneza. Wakamkuta mama yao ameketi kitandani anakula lituma, akawauliza hilo sanduku ni la nani. Hata mimi ningecheka, kama mume wake asingekuwa ameanguka kwa tension, presha ilimpanda, aliposikia habari ile. Hadi leo mkono wake wa kuume hauinuki, na maneno hayamtoki.

Mtoto wao wa kwanza alikuja ofisini. Hakupiga kelele. Aliketi mbele ya directeur akasema, "Papa yangu hasemi tena. Mi nataka tu mutu mwenye alifanya ile kitu aniambie ni yeye."

Directeur akauliza nani aliandika fonction hiyo. Mchumba wangu akaninyooshea kidole bila hata kuniangalia. "Funga na fungua? Iko ya mademoiselle."

Nilipotaka kueleza, directeur akasema ameshasikia ya kutosha. Jumatatu familia ile inarudi, nami natakiwa nikiri mbele yao, kisha niondoke kazini.

Nilimfuata mchumba wangu nje, pale baiskeli za toleka zinaposubiri wateja. Hakukana.

"Eeh, ni mi nilikata. Lakini weye sema ni weye. Mwanamuke banamusameheaka mbio. Mi nikipoteza kazi, tutaoana na nini? Funga kinywa, chérie, ni juu yetu."

Mimi niliyeandika funga, leo naambiwa nifunge kinywa. Nilimtazama nikamchukia, na nalisema waziwazi.

Nilimweleza mama yangu. Akasema, "Banaume boote ni bamoja. Unataka kuvunja ndoa juu ya ordinateur?" Nikamjibu si kompyuta, ni papa wa watu hasemi. Akaendelea kutwanga majani yake ya pondu.

Lakini kuna kitu kimoja kinachoniuma kuliko hata kile kidole. Nilimuuliza alijaribu fonction yake kwa neno gani. Akasema, "Na jina yangu. Mara mingi. Ilirudi muzima." Jina lake halina alama hata moja. Langu lina é mbili. Anasema ananipenda, anataka kunioa, na katika kujaribu kote huko hakuwahi kuandika jina langu. Angeliandika mara moja tu, lingerudi limekatwa mkia, naye angeona kosa lake palepale.

Basi niambieni ninyi mnaosoma. Nipokee mahari Jumamosi, kisha Jumatatu niseme ni mimi? Au Jumamosi hiyohiyo, familia zote mbili zikiwa zimeketi, nitaje aliyekata? Na wewe unayetaka kuniandikia "dada vumilia", nenda kwanza ukamwambie yule mzee hivyo, halafu usubiri akujibu.