Mpingo wa Mama Mkubwa, Machochwe

Niliondoka Tarime kwa sababu ya bakuli. Nina mashine ndogo ya kukereza mbao nyuma ya nyumba yetu, na ndoto yangu ni kubwa kuliko nyumba yenyewe: mabakuli ya mpingo, meusi, yang'ae mpaka mtu ajione uso. Lakini mpingo hukua polepole mno, na mimi roho yangu laini. Kuangusha mti mzima kwa ajili ya bakuli siwezi. Basi baada ya mavuno ya mwaka jana nilimpigia simu mama mkubwa Bhoke, dada yake mama, anayeishi Machochwe: "Mama, nataka mpingo, ila uwe umekufa. Mzima siutaki." Kiangazi hiki akanipigia yeye: upo, njoo.

Asubuhi nikapanda basi. Pale Nyangoto, vilima vya mawe ya mgodi vimeipita miti kwa urefu, nikajisifu kidogo: angalau mimi siharibu kitu. Niliimba kimoyomoyo mpaka daraja la Mto Mara.

Mugumu nikachukua bodaboda. Vumbi lilinijaa hadi kwenye meno, lakini nilikuwa nacheka peke yangu.

Machochwe, mama mkubwa alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu! Wenzako wanatafuta ng'ombe mzima, wewe umefuata mzoga!"

Akanipeleka nyuma ya zizi. Mpingo ulisimama bila jani hata moja. Kiunoni gome lilikuwa limebanduliwa kwa panga kuzunguka shina lote, upana wa kiganja.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Si sisi? Ulisema uwe umekufa. Huu ulikuwa mzima, una majani yake. Tukaumenya mapema ukauke, uje uukute tayari."

"Nilitaka uliokufa wenyewe."

"Wenyewe?" Alinitazama kama mtu aliyeagiza maji makavu. "Ungesema hivyo, mura. Hapa ndama walikuwa wanalala mchana."

Nikageuka. Ndama walikuwa wamebanana kwenye kivuli chembamba cha ghala, mmoja makalio yake yako juani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Hata kibali cha kuukata alishakifuata ofisi ya kijiji, kwa ajili yangu. Ningeuacha pale ungeishia kuwa kuni, na yeye angebaki na aibu. Kesho yake tukauangusha.

Nilirudi na magogo juu ya lori la mahindi. Safari hii sikuimba.

Nyumbani nilikereza bakuli la kwanza. Sijawahi kushika mti mzuri kama ule: haukupasuka, haukuchanika, ulitoa harufu tamu chumba kizima. Afadhali ungekuwa mbaya.

Nilichojifunza ni kidogo, ila kimenigharimu: neno ulitumalo kwa simu hufika peke yake, bila moyo wako. Siku hizi siagizi tena mti uliokufa. Nasema, "Ukianguka wenyewe, nipigie." Watu wananicheka, wananiambia nitazeeka nikisubiri.

Nasubiri.