Severa Alijilipa Mwenyewe, Ada ya Binti Ikahesabiwa Mauzo

Saa mbili asubuhi fundi cherehani anasimama mbele ya meza ya Severa Anaeli, Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Anataka zipu za suruali na uzi mweusi. Anatoa simu, anatafuta pa kulipia.

"Namba yako ya malipo iko wapi, mama?"

"Taslimu tu, baba."

"Bongo hii, taslimu?"

Severa anafunga zipu kwenye gazeti. Ubaoni nyuma yake imebaki alama ya gundi pale lilipokuwa tangazo la namba ya malipo ya biashara yake. Alilibandua Machi mwaka huu, kwa kisu kilekile cha kukatia lastiki.

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Kibosho, Uchagani, anauza vifungo, zipu na nyuzi hapa tangu mumewe afariki. Mtoto wake ni mmoja, Joyceline, anayesomea uuguzi katika chuo cha binafsi jijini. Mitihani inaanza Jumatatu, na asiyemaliza ada haingii kwenye chumba cha mtihani. Joyceline hajamaliza.

Kinachouma ni kwamba fedha zilikuwepo.

"Sikula hela ya mtoto mimi," anasema Severa. "Andika hivyo. Sikula."

Severa yumo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa huu. Huweka akiba mwaka mzima, kisha wiki ya Krismasi wanavunja kikoba na kila mtu anachukua chake. Tabu inaanzia hapo, maana Mchaga na Krismasi lazima apande gari aende nyumbani, na huko atokaye Dar ni tajiri mpaka athibitishe vinginevyo.

"Kaka anataka mbolea, shangazi anataka bati," anasema. "Ukisema huna, wanakwambia fungua simu tuone."

Chuo nacho kikishafungwa Desemba hakitoi namba ya kulipia ada mpaka kifunguliwe Januari. Kwa hiyo fedha zinakosa pa kulala kwa wiki kadhaa. Akina mama wa kikoba wakapata dawa: kila mmoja ahamishie fungu lake kwenye namba ya malipo ya biashara yake. Severa akajilipa mwenyewe, kama vile ni mteja aliyenunua zipu za milioni moja na laki nane. Simu yake ikabaki tupu. Akaifungua mbele ya kaka yake bila kutetemeka, akala sikukuu, akarudi mjini kulipa awamu ya kwanza ya ada. Ya pili akaiweka.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema, na kucheka kidogo. Ujanja huo aliufanya Desemba tatu mfululizo.

Machi alipokwenda kukadiriwa kodi, afisa alimuuliza kuhusu mauzo makubwa ya kila Desemba.

"Hakunitukana, alinisikiliza," anakumbuka Severa. "Akasema, mama, hela imeingia Desemba kwenye namba ya biashara, hayo ni mauzo. Risiti ya ada ni ya Januari, mwaka mwingine, tena ina jina la mwanao. Kama ni ya kikoba, waite wenzako waje waeleze."

Lakini wenzake nao walikuwa wamejilipa vilevile, wote. Jioni hiyo mwenyekiti wao, Badria, anayeuza mitandio ng'ambo ya barabara, alimfuata.

"Aliniambia, dada, ukitutaja umetuchoma sote. Sisi pia tuna watoto shuleni."

Hakuwataja. Kodi ya miaka mitatu pamoja na adhabu ikafika laki tisa. Akaitoa awamu ya pili ya ada akalipia, kwa kuwa bila hivyo leseni isingetoka na meza hii ingefungwa. Mkopo wa kikoba alikuwa ameshauchukua Februari kununulia mzigo. Wenzake walimchangia elfu sitini.

Mwandishi alitafuta wa kumlaumu, hakumpata. Afisa amefuata sheria. Akina mama hawakuiba. Hasira inabaki bila pa kwenda, na inachosha.

Saa nne Joyceline anafika, akiwa amevaa kandambili na kanga mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Nimewaambia naahirisha. Nitarudi mwakani."

Severa anaitikia kwa kichwa, kisha anageukia vifungo ambavyo tayari vimepangwa na kuanza kuvipanga upya. Binti anavuta kigoda na kuanza kufungua uzi uliojisokota. Vidole vyake ni vyepesi, anaiweza kazi. Mama anamtazama na macho yanamjaa machozi.

"Sikumzaa aje akae hapa," ananong'ona. "Nimekata tamaa, sikufichi."

Bado ana ombi moja. Amewaomba wenzake mwaka huu wavunje kikoba wiki moja mapema, kabla chuo hakijafungwa, ili kila fungu liende moja kwa moja kwenye ada bila kupita kwenye namba ya biashara wala Kibosho. Badria alimjibu kwamba wataona, maana wiki hiyo ndiyo ya mauzo na fedha za kikoba bado ziko kwenye mizigo. Tangu siku hiyo akipita hapa huangalia simu yake.

"Mimi nimewapa mwaka mzima wa mwanangu," anasema Severa, akitazama ng'ambo kwenye mitandio. "Nawaomba wiki moja."