Kitako cha Mringa

Juzi fundi wa viti pale Makutano alikuwa akipiga msasa ubao wa mringa, na ile harufu ikanifikia. Nikasimama na kikapu changu kama mtu aliyesahau njia. Si ajabu, mimi hata kwa jirani naona ni safari.

Baba alikuwa polisi wa akiba. Kitako cha bunduki yake kilikuwa na ufa, kwa hivyo alasiri moja alikaa uani akichonga kipya cha mringa, taratibu, akikipuliza vumbi. Jikoni nikamsikia Mama akimwambia shangazi kwamba jioni wanaume wangefuata ng'ombe walioibwa. Kwa akili yangu ya miaka saba, bunduki bila kitako haikuwa bunduki, na mtu bila bunduki hubaki nyumbani. Leo najua angeenda hata na rungu. Alipoingia ndani kutafuta mafuta ya kukipaka, nikakisukuma motoni, chini ya sufuria ya githeri.

"Woi! Kendi, ni nini hii umeweka kwa moto?" Mama akapiga kelele.

Baba akakivuta, nusu ni makaa.

"Sasa hutaenda," nikamwambia, nikilia.

"Githeri ya leo tutakula na risasi," shangazi akacheka.

Baba hakucheka. Alirudisha kile cha zamani, akakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza kwa meno, akaenda.

Alirudi baada ya siku tatu, akiulizia chai. Siku hizo zote sikumwomba Mungu amkinge na wezi. Nilimwomba tyubu isikatike.