Daraja Lililobandikwa Ukutani

Kwetu, kwenye vilima vya nyuma ya Butembo, mtu hatoi wazo mikono mitupu. Tukikutana kupanga salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, anayesema tutengeneze kisima anamalizia hapo hapo kwa kutaja atakacholeta: mimi mawe, mimi majembe mawili. Na mtu akishasema ataleta miti, hakuna mwingine anayegusa miti. Ingekuwa kumtukana mbele ya watu. Atangojwa mpaka ailete, au mpaka itamkwe wazi kwamba ameshindwa.

Naanza na haya kwa sababu mimi, mwalimu mzima niliyezaliwa huko huko, niliyasahau siku nilipopelekwa Beni kuipa nchi mawazo.

Waliliita kongamano la kitaifa la mawazo. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri; sababu nyingine siijui mpaka leo. Tulifika asubuhi tukawangoja wakubwa, ambao ndege yao ilikuwa haijatua Mavivi. Tukapewa chai, na kila mtu kitambaa cha shingoni chenye maandishi kwamba kesho ya nchi imo mikononi mwetu. Mikononi mwangu kulikuwa na kalamu na kadi ya njano.

"Idée moja, carte moja," alisema msimamizi, bwana mpole aliyetoka Kinshasa. "Maneno mingi hapana."

Nikaandika: daraja la mto wetu. Niliyemfikiria ni shangazi yangu. Ni mjane, analima viazi ng'ambo ya mto, na daraja lao lilikuwa magogo manne ya mikaratusi yaliyoanza kuoza. Asipovuka hapo, itambidi azunguke kilima kizima ili afike barabarani linakopita gari la soko.

Msimamizi akaisoma kadi yangu kwa sauti, akaiinua juu. "Voilà! Hii iko prioritaire!" Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikatoka nje mbio kumpigia shangazi simu.

"Shangazi, daraja yenu imepita. Bakubwa banasema itakuwa ya kwanza."

"Bakubwa benyewe?"

"Benyewe."

"Aksanti, mutoto yangu." Kabla hajakata simu nilimsikia akiwaita majirani kwa furaha.

Niliporudi ndani, kadi yangu ilikuwa imehamishwa. Mama mmoja, muuza samaki wa Kyavinyonge, alikuwa ameomba barafu, maana samaki wake wanaharibika kabla ya kufika sokoni. Barafu yake na daraja langu vikabandikwa pamoja ukutani chini ya karatasi iliyoandikwa Désenclavement, yaani kuyafungulia njia maeneo yaliyotengwa. Alasiri karatasi hiyo nayo ikaingizwa chini ya nyingine kubwa zaidi, Développement, maendeleo, na kadi zetu zikafunikwa kabisa.

"Barafu yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Iko ndani, mama," msimamizi akamjibu, akiipapasa ile karatasi kubwa. "Iko ndani."

Hapo ndipo nilipopaswa kupiga simu tena. Sikupiga. Niliona haya.

Jumamosi iliyofuata, kijiji kizima kikatoka. Aliyelitangaza daraja ni mkubwa, kwa hiyo miti ataleta yeye. Kazi ya wenyeji ni kumwandalia mahali. Wakang'oa yale magogo manne, wakasawazisha kingo zote mbili, kisha wakayapasua magogo yawe kuni za kuwapikia mafundi watakaokuja. Nilipokwenda likizo nilizikuta kuni hizo kwenye baraza ya shangazi, zimepangwa vizuri, zimefunikwa turubai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mafundi biko njiani?" shangazi aliniuliza, akinipakulia chakula.

"Biko na kuya," nikasema.

Uongo huo niliurudia msimu mzima wa mvua. Kila nilipopiga simu aliniuliza, na kila aliponiuliza nilimwambia avumilie. Nao hawakukata hata mti mmoja, ingawa mikaratusi imejaa kilimani kwao. Wangekataje, na mwenye kuahidi yupo hai na hajasema ameshindwa?

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Siwadharau watu waliozungumza ukumbini. Yule mama wa Kyavinyonge alijua mambo ya ziwa ambayo hakuna ofisi inayoyajua. Mkulima mmoja wa Kamango, aliyekuja kwa kuzunguka mbali kwa sababu ya njia mbaya, alizungumzia kakao na usalama kwa dakika tano tu, na nilimwelewa kuliko hotuba zote. Nchi hii haina njaa ya mawazo. Lakini kwa siku tatu nzima hakuna hata mmoja, nikiwemo mimi mwenye mwandiko, aliyeuliza nani analeta nini.

Kisha shangazi akateleza mtoni akivuka kwa miguu, kikapu cha viazi mgongoni, kamba yake ikiwa imembana kwenye paji la uso. Viazi vilikwenda na maji, naye akavunjika mkono. Nilipofika kumwona, mkono ulikuwa umefungwa shingoni kwa kile kitambaa cha kongamano, nilichokuwa nimempa zawadi. Maneno ya kesho ya nchi yalikuwa chini ya kiwiko chake. Hakunilaumu. Aliniuliza tena kama mafundi wako njiani.

Ikaja barua ya kutualika tena Beni, kutathmini mawazo ya mara ya kwanza. Nilikwenda nimefura. Ukumbi ule ule, chai ile ile, kadi za njano. Juu ya yangu nikaandika: nani analeta miti?

Msimamizi aliigeuza mbele na nyuma. "Mwalimu, hii hapana idée. Hii iko question." Akaiweka mezani, ukutani haikupanda.

Nikatoka nje, nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikapiga simu.

"Shangazi, hapana miti. Hakuna mutu mwenye analeta. Ni mimi nilisema vibaya."

Nilisikia mvua ikipiga mabati ya nyumba yake.

"Donc tunaweza kukata yetu?"

"Mukate."

"Bon." Kisha akasema, polepole, bila hasira hata kidogo: "Ungesema vile ile siku ya kwanza, mutoto yangu, tungebakia na daraja."