Umeyapata Wapi?

Aibu yangu ilinikuta ukweni, jamani, mahali ambapo hata kupiga chafya mtu unajifikiria mara mbili, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Ilianzia maabara moja ya pale Kibaha. Nilikwenda kupima sukari tu (umri umeenda, na kitambi nacho hakijifichi), dada wa mapokezi akaniambia nikiongeza kidogo napimwa na kinga pia, nijue kama kinga ya mwili haijamgeuka mwenyewe na kuanza kumshambulia. Siumwi chochote mimi. Viungo haviumi, ngozi safi, nakula kama mchimba kisima. Nikasema haya, pima.

Sukari ikatoka salama, kinga ikatoka "positive". Mke wangu Mwanahawa alikuwa kwao Kisarawe, kwenye maandalizi ya harusi ya mdogo wake, nikamwandikia nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: "Mama Sabra, majibu yametoka, niko positive. Ni mambo ya kinga. Nakuja kesho tuongee." Simu ikaisha chaji, na mimi nikajiona muungwana kweli, nimemshirikisha mwenzangu.

Kesho yake mchana nafika Kisarawe, shikamoo zangu zinaitikiwa kwa mbali, shemeji zangu wanaochambua mchele hawainui macho kwenye ungo. Baba mkwe akaniita ndani. Mama mkwe kajifunika khanga mpaka puani, mjomba wao yupo, Mwanahawa kakaa pembeni hanitazami.

"Baba Sabra," mzee akaanza taratibu, "umeyapata wapi?"

Mimi nikajua anauliza majibu. "Kibaha, baba. Maili Moja."

Mama mkwe akaguna.

"Kwa nani?"

"Kwa dada mmoja hivi, mpole sana. Ana mkono mwepesi, hata sikusikia maumivu."

"Ulimfuata mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba, hakunilazimisha mtu. Na ameniambia nirudi tena baada ya miezi mitatu."

Mjomba akasimama, akavaa kofia yake, akatoka nje. Hapo ndipo akili ikanirudia: wenzangu wanauliza maradhi, mimi najibu majibu. Kwetu sisi mtu akisema yuko positive, halafu akataja kinga, nani anangoja sentensi ya pili? Nikatoa karatasi mfukoni, nikaanza kueleza habari ya kinga kumgeuka mwenye mwili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, mpaka Mwanahawa akasema bila kuinua uso, "Mimi sina. Nimepima leo asubuhi."

Alikuwa amekwenda zahanati peke yake, nyumba ina harusi, akakaa kwenye benchi na watu wanaomjua tangu mtoto, akisubiri kuitwa na kuwaza Sabra atalelewa na nani. Mzee alipoisoma ile karatasi mwenyewe na kuelewa, alicheka mpaka akatoa leso, na mjomba akaitwa arudi. Mwanahawa hakucheka.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote kwa daktari. Akaniuliza kama viungo vinauma, kama natokwa na vidonda mdomoni, vipele, nywele kukatika, vyote hapana, akapima presha na mkojo, vyote salama. Akasema, "Kipimo hiki watu wengi wazima kinawatokea positive hivi hivi, hasa kiwango kikiwa kidogo kama chako, na wengi wao hawaugui. Tunakitumia mtu akija na dalili zenye kututia shaka. Wewe ulikuwa na shaka gani?"

"Ya kitambi," Mwanahawa akajibu, na huo ndio utani wake wa kwanza tangu siku ile.

Daktari akasema nisirudie kipimo, ila nikiona dalili nije. Nami nimeapa: sipimwi tena kitu bila kujua kinatafutwa nini, na habari ya mwili wangu simwandikii mke wangu, namwambia nikiwa nimekaa mbele yake. Juzi nilimuuliza pale zahanati alikuwa amekaa na nani, angalau wa kumshika mkono. Akasema alishika pochi yake.