Radi Niliyoifuga Kwenye Ndoo ya Rangi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita nilikuwa na radi yangu mwenyewe, na niliifuga uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu, ndani ya ndoo ya rangi. Msinicheke. Mimi ni Kabula, jina nililopewa kwa kuzaliwa siku ya mvua kubwa, na nililelewa na Bibi Nyamizi, mama yake mama, katika kijiji kilichoko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Radi yenyewe ilitoka kwenye pikipiki ya mjomba. Injini ilimfia, akaiegemeza ukutani, akaenda zake machimboni na hatukumwona tena. Alipokuwa bado anahangaika nayo nilimwona akichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akapiga kiki, na cheche ya buluu ikaruka. Nikamuuliza inatoka wapi. "Kwenye koili," akasema, akanionyesha kidude cheusi kama gunzi. "Usishike, itakurusha." Mimi mtu akiniambia usishike, basi amenialika.

Nikaifungua ile koili. Betri nikaitoa kwenye pikipiki hiyo hiyo na kuipeleka kwenye kibanda cha kuchajia simu, nikadanganya kwamba nimetumwa na mjomba. Waya nilichuna kwenye redio mbovu. Kilichobaki kilikuwa namna ya kukata umeme na kuuachia, kuukata na kuuachia, maana koili haitoi cheche mpaka umeme ukatwe ghafla. Hapo nikaiba tupa ya Bibi ya kunolea majembe. Waya mmoja niliufunga kwenye tupa, mwingine nikawa naukwaruza juu ya meno yake, krr, krr, krr, na kati ya misumari miwili niliyoigongomea kwenye kipande cha mbao cheche zikaanza kucheza. Nililia kwa furaha, jamani! Nilitoboa karatasi kwa cheche. Niliamsha mwanga hafifu ndani ya taa ya mrija iliyokwisha kufa. Nilijitandika mwenyewe mara mbili hadi kiwiko kikafa ganzi, na sikumwambia mtu.

Bibi ndiyo kabisa nisingemwambia. Kwake radi ilikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa. Wingu likitanda alifunika kioo kwa kanga, akanivua chochote chekundu, na jina lake hakulitamka, alisema "Mkubwa anapita." Hata kuigiza mngurumo wake kwa utani ilikuwa marufuku. "Ukimwigiza, amesikia ameitwa," aliniambia. Kwa hiyo nilicheza na ndoo yangu alasiri tu, yeye akiwa kwenye shamba la karanga, na mlango nimeufunga.

Kumbe nilikuwa nasikika. Jirani yetu Mzee Shija alikuwa na redio ya betri, na alasiri alikaa nje kuisikiliza. Kila nilipokwaruza tupa, redio yake ilikoroma. Leo nasuka upya waya za mota zilizoungua hapa Tabora mjini na ningemweleza kwa dakika mbili kwamba cheche hurusha mawimbi, na redio huyadaka. Lakini kijijini kila mtu alijua jambo moja la kweli kabisa: redio hukoroma vile radi ikiwa karibu. Na mbingu ilikuwa haina hata wingu. Mzee Shija akainuka na redio yake mkononi, akaanza kutembea. Akielekea kisimani inatulia. Akielekea kwetu inazidi. Alifanya hivyo siku tatu, na siku ya tatu alikuja na mashahidi. Walisimama nje ya ukuta wetu, na mimi ndani nakwaruza, sina habari.

Wiki hiyo hiyo mvua ikaja, na radi ikapiga zizi la Mzee Shija. Maksai wake wawili, aliokuwa akiwategemea kwa kulima, walikufa papo hapo. Hakuna aliyewagusa. Kwetu kilichopigwa na radi hakiliwi wala hakifukiwi mpaka mganga wa radi aje kukitoa mkosi. Nilikwenda kuwaona pamoja na watoto wenzangu. Nilijua ni mimi. Bibi alinikanya, nikamwigiza Mkubwa alasiri baada ya alasiri, naye kaja.

Nilibanwa kotekote. Nikisema, mchawi ni mimi. Nikinyamaza, mchawi ni Bibi, maana redio ilikwisha onyesha nyumba.

Walianza kwa kututenga. Tukifika sisi, mashine ya kusaga imeharibika. Kisimani wanawake walijitwika ndoo zao zikiwa nusu na kuondoka. Nilimsikia Bibi akisema "Mwangaluka" kwa watu ambao watoto wao aliwapokea yeye kwa mikono yake walipozaliwa, na hakuna aliyeitikia salamu. Basi tukafunga mlango mchana kweupe, tukakaa humo siku nne, mimi na Bibi na ile ndoo, tukitafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha. Chumba kilinuka moshi na woga wangu. Kila nilipolala kitandani kando ya Bibi niliisikia ndoo ile chini ya mgongo wangu, ingawa haikutoa sauti yoyote.

"Kabula, unaumwa?" Bibi aliniuliza.

"Hapana, Bibi."

"Mbona huli?"

Nikageukia ukuta. Mpaka leo naona aibu kwa kile kitendo cha kumgeuzia mgongo.

Siku ya tano asubuhi tuliitwa kwenye mkutano, uwanja wa shule. Mzee Shija alisimama, na siwezi kumsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia. "Sina ugomvi na mama huyu," alisema. "Nataka anieleze tu, redio yangu ilikuwa inasikia nini mle ndani?"

Bibi akasema hajui. Na kweli hakujua, masikini! Kijana mmoja akapaza sauti kwamba nyumba ichomwe na asiyejua atajua. Wengine wakaitikia. Hapo nikatoka mbio hadi nyumbani, nikaburuta ndoo toka uvunguni, nikarudi nayo na kuitua katikati ya watu. Nikatoa kifuniko.

Bibi aliinama akachungulia. Aliona waya, aliona kile kidude cheusi, akaiona tupa yake aliyoitafuta mwezi mzima.

"Redio ilikuwa inasikia hi..." nikaanza.

Akanizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla, na hakunipiga tena. "Nani kakutuma ushike vitu vyangu?" akafoka. Kisha akawageukia watu, ametulia kabisa. "Ni yangu. Mtoto hajui lolote."

Walitupa muda, mpaka jua kuzama tuwe tumehama. Ndoo hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa hiyo Bibi alijitwika mwenyewe. Tulishika njia ya zamani ya wapagazi kwenda Igalula, tukapande treni kwenda kwa mama yangu, aliyekuwa akiishi Tabora. Tulipovuka mto Bibi akaitua ndoo, akatazama nyuma, akanisogelea.

"Ulimtuma Mkubwa kwa maksai wa Shija?"

"Sikumtuma, Bibi. Alikuja mwenyewe."

"Haya. Usirudie." Akachomoa tupa yake, akaifuta kwa kanga, akaifunga kwenye mzigo. Ndoo tukaiacha pale.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikisema bibi yangu alimkinga mtoto asiye na hatia. Sivyo ilivyokuwa. Yeye aliamini kabisa kwamba maksai wale niliwaua mimi. Alidhani mjukuu wake ni mchawi, akasimama mbele ya kijiji kizima akasema mchawi ni yeye.

Nilipokuwa fundi nilimkalisha siku moja, nikamweleza yote: koili, cheche, mawimbi, redio. Nikamwambia radi ya zizini haikuwa na uhusiano wowote na ndoo. Nilieleza vizuri, hata mwanafunzi angeelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika kwa mkono wake ule ule alionizabia kofi.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Lakini usimwambie mtu mwingine."